Kikao cha Tatu

Jumanne ya kwanza Tauno alivua kofia ya sufu,
akakung'uta theluji mlangoni, akaniuliza
kama nitamsoma mawazo.
Nikamwambia hapana, ninapima tu
jinsi sikio lako linavyogutuka.

Futi ya mshonaji: kutoka daraja la pua
hadi kifundo cha kisogo, sentimita thelathini na sita.
Alama ya wino katikati ya utosi.
Kofia ya matundu, jeli baridi, nyaya thelathini na mbili
zikimshuka mgongoni. Yeye alisema:
kama mizizi ya msonobari ulioangushwa na upepo.

Sharti ni moja: usisikilize.
Tazama filamu bubu, mtu na ngazi yake,
milio iache ipite.
Pi, pi, pi, pi, pi, pa, pi, pi.
Elfu moja na mia mbili kwa jumla,
na ndani yake "pa" mia na ishirini,
na kwa kila "pa" ubongo huchimba kibonde
kabla mwenyewe hajajua kuna shimo.

Jumanne ya pili, kibonde pale pale.
Niliweka karatasi juu ya karatasi, nikaziinua dirishani
kwenye mwanga haba wa Novemba hapa Oulu,
mistari ikalaliana kama ndugu wa kitanda kimoja.
Profesa Hilkka akatabasamu, jambo adimu.
"Kipimo ni kile kinachorudia neno lake.
Ukikiuliza leo na kesho kikakujibu mawili,
hicho si kipimo, ni mpiga ramli."

Jumanne ya tatu, kilima.

Nyuma ya kibonde, milisekunde mia tatu na ushei,
kilima ambacho hakuna aliyekialika.
Nikasimamisha kila kitu. Nikabadilisha nyaya.
Nikazima jokofu la jikoni, nikamshuku fundi wa lifti,
nikaishuku jeli, mikono yangu, kahawa yake.
Nikapima kichwa upya: thelathini na sita.
Kichwa hakikuwa kimekwenda popote.

Akanitazama kupitia kioo
kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.
"Nilikuwa nayahesabu," alisema. "Yale ya kasoro.
Miaka thelathini na mmoja kwenye kinu cha karatasi
kazi yangu ilikuwa kusikia rola iliyoanza kuugua.
Nimeona unahangaika peke yako, binti,
nikasema nikushike mkono.
Nimepata mia na kumi na tisa."

Mia na kumi na tisa!
Sikujua nicheke au nifoke.
Wiki tatu ninamwomba asiwepo,
naye ameona ni utovu wa adabu
kukaa saa nzima kwa watu bila kushika kazi.

Jumanne ya nne hakuhesabu. Aliapa.
Kilima kikazama, kibonde kikabaki,
kina kile kile, bila kujali
kwamba goti lilimkesheza,
kwamba mwanawe wa Tampere hajapiga simu tangu Oktoba.
Kibonde hakina habari za Tauno.
Labda ndiyo maana kinaaminika.

Hilkka akaagiza kikao cha tatu kitolewe.
Nikakitoa. Tarakimu ikanyooka: sifuri nukta nane moja.
Ukitaka kuaminiwa na takwimu, nilijifunza,
sharti kwanza usijaribu kusaidia.

Alipokuwa akifunga buti nikamuuliza:
na ule mmoja, Tauno? Uliokupita?
Mkono kwenye kitasa, akafikiri.
"Aa. Yule bwana wa filamu alianguka na ngazi yake.
Nilikuwa nacheka."

Usiku nikakifungua tena kile kikao kilichotupwa.
Mlio mmoja peke yake hauonekani, huzama kwenye vurumai;
kibonde huonekana ukijumlisha mia.
Lakini dakika ya kumi na saba nilimpata:
mistari yote thelathini na mbili imepagawa,
taya, mashavu, shingo, mzee mzima,
sekunde nne na nusu.
Kompyuta imeweka alama nyekundu pembeni
na neno moja: uchafu.